Kusahihisha Vipimo katika Ramani za Kompyuta

Mhariri ameniomba nieleze habari za ramani za nyumba zichorwazo kwa kompyuta, na hasa jinsi ya kusahihisha vipimo vilivyoharibika. Nadhani alinichagua mimi kwa sababu ya mlango wa bafu jipya nyuma ya bweni, ambao wengi wenu mliucheka. Basi nitaanza na mlango huo huo.

Mwaka jana mwenzetu mmoja wa kidato cha pili, atumiaye kiti cha magurudumu, alikuwa hawezi kuingia bafuni ila kwa kubebwa. Ikaamuliwa kwamba lijengwe bafu dogo lenye mteremko badala ya ngazi, nami nikapewa kazi ya kuchora ramani yake. Nilichora mlango wenye upana wa milimita 900. Karatasi niliyoipanga ilikuwa ya A3, na skeli yake 1:50, yaani milimita 1 juu ya karatasi ni milimita 50 katika nyumba. Lakini mashini yetu ya kuchapia haipokei karatasi kubwa kuliko A4. Kwa hiyo niliiamuru kompyuta iibane ramani yote mpaka ienee katika A4, nikafurahi kuona imetoka safi, na pembeni imeandikwa vizuri kabisa: Skeli 1:50.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Karatasi ya A4 ni nusu ya A3 kwa eneo, lakini kwa urefu kila mstari hupungua ukabaki kama sehemu 7 katika 10, au 0.707 ukitaka kuwa mwangalifu zaidi. Mlango uliotakiwa kuwa milimita 18 juu ya karatasi ukatoka milimita 12.7. Urefu wa kuta nilikuwa nimeuandika kwa tarakimu, na kuta zilijengwa sawasawa. Upana wa mlango sikuuandika, maana niliona tarakimu zimezidi kujaa. Seremala akatwaa rula, akapima, akaona karibu milimita 13, akazidisha kwa 50 kama karatasi ilivyomwambia, akapata 650. Wala hakushangaa, kwa kuwa milango ya bafu huwa myembamba. Kiti cha mwenzetu kina upana wa milimita 660.

Siku ya kwanza alipanda mteremko mwenyewe, sisi tukimtazama, mpaka magurudumu yakagusa fremu pande zote mbili. Alirudi nyuma pole pole bila kusema neno. Jioni ile alibebwa kama zamani, nami nilikuwa mmoja wa waliombeba.

Baada ya hayo niliifungua tena ile ramani nikaikagua mstari kwa mstari. Nililoliona kwanza ni kwamba sikuwa nimeelewa vema jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Ninyi wanafunzi wa zamani, mliochora kwa ubao, rula ya T na kalamu ya risasi, mlichagua skeli kabla ya kuchora mstari wowote, kisha mkapunguza kila kipimo. Katika kompyuta mambo ni kinyume. Nyumba huchorwa kwa ukubwa wake wa kweli. Ukuta wa milimita 3600 huchorwa 3600. Skeli huja mwisho, wakati wa kuiweka ramani juu ya karatasi. Mtu akipunguza vipimo wakati wa kuchora, kisha akapunguza tena wakati wa kuchapa, amepunguza mara mbili. Makosa mengi niliyoyaona katika kazi za wenzangu yametoka hapo.

Jambo la pili ni kwamba kompyuta haijali kama ni milimita au futi. Ndani ya faili mstari ni hesabu tu: 36 ni 36. Sisi ndio tunaosema 36 hizo ni inchi au ni milimita. Hapa Uganda hatari hii i karibu sana nasi, kwa maana ramani huchorwa kwa milimita, hali kiwanja huuzwa kwa futi, 50 kwa 100, na mbao huuzwa kwa inchi, 4 kwa 2. Nilikuwa nimeazima picha ya mlango kutoka ramani nyingine iliyochorwa kwa inchi. Nilipoiingiza katika ramani yangu ikaonekana ndogo kama kisanduku cha kiberiti.

Dawa ya kosa la namna hii ni kugawanya. Tafuta mstari mmoja ambao urefu wake wa kweli unaujua kwa yakini, uulize programu urefu wake kwa amri ya kupima umbali, kisha gawanya urefu wa kweli kwa ule ulioonyeshwa. Jibu litakutajia ugonjwa wenyewe. Likiwa 25.4, mchoro ulikuwa wa inchi nawe wausoma kama milimita. Likiwa 304.8 ulikuwa wa futi, na likiwa 1000 ulikuwa wa mita. Hiyo 25.4 si ya kukisia, kwa sababu tangu mwaka 1959 Uingereza, Marekani na nchi nyingine nne zilipatana kwamba inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Ukiisha kupata hesabu hiyo, teua mchoro wote na uukuze kwa hiyo hiyo. Usiukuze kwa kubahatisha mpaka jicho liridhike. Wakubwa pia hukosea katika vipimo: mwaka 1999 Wamarekani walipoteza chombo chao kilichotumwa kwenye sayari ya Mars kwa sababu programu moja ilitoa hesabu za nguvu kwa vipimo vya ratili, na nyingine ikazisoma kama niutoni.

Kama jibu si mojawapo ya hayo, bali ni hesabu isiyo na maana kama 1.37, yaelekea ramani ilinakiliwa kutoka picha au karatasi ya zamani. Programu nyingi zinaweza kukuza kwa kulinganisha: waonyesha ncha mbili za mstari, kisha waandika urefu unaotakiwa, nayo yenyewe hufanya hesabu. Chagua mstari mrefu kuliko yote unaoujua. Ukikosea milimita 5 katika ukuta wa mita 10, kosa ni dogo. Ukikosea 5 katika dirisha la milimita 600, kosa hilo litaenea nyumba nzima. Kisha pima mstari mwingine unaokwenda upande wa pili, kwani picha ya karatasi iliyokunjamana huweza kuwa sawa kwa urefu na kupotoka kwa upana.

Lakini kosa nililoliogopa kuliko yote halikuwa la mstari, lilikuwa la tarakimu. Programu hizi hupima mstari zenyewe na kuandika kipimo, ila zinamruhusu mchoraji kufuta kipimo hicho na kuandika chake. Mteremko wetu ulitakiwa kuwa 1:12, yaani kwa kupanda milimita 150 uende milimita 1800. Mstari wangu ulikuwa na 1500. Kwa uvivu sikuurefusha. Niliandika 1800 juu yake. Mafundi walifuata tarakimu, hivyo mteremko ukawa sawa, lakini ilikuwa bahati tu, kwa sababu mfereji wa maji ulichorwa kuanzia mwisho wa ule mstari mfupi, ikabidi uchimbwe upya. Mtu hawezi kuona uongo huu kwa macho. Gusa kila kipimo unachokitilia shaka, futa maneno yaliyoandikwa kwa mkono, na programu itarudisha hesabu yake ya kweli. Kisha sahihisha mstari wenyewe.

Yako pia makosa ambayo mistari yote ni sawa na tarakimu zote ni za uongo kwa kiasi kimoja. Katika mipango ya vipimo kuna hesabu ambayo huzidishwa kwa kila kipimo kabla hakijaandikwa. Mchoro ukiwa wa ukubwa wa kweli, hesabu hiyo yapasa kuwa 1. Ukiona ukuta unapimwa 3600 kwa amri ya umbali lakini umeandikwa 7200, usiuguse ukuta. Itafute hiyo hesabu, bila shaka ni 2. Na kama ulirefusha ukuta na kipimo kikabaki pale pale, kipimo hicho hakikufungwa na mstari wake: kifute, ukiweke upya.

Sasa nirudi kwenye uchapaji, ulioniponza. Siku hizi sichapi tena kwa kubana. Naandika 1:50, na ramani isipoenea naigawanya katika karatasi mbili. Chini ya kila karatasi nachora mstari ambao katika nyumba ni mita 5, umegawanywa kila mita. Katika 1:50 mstari huo hutoka milimita 100, nami naupima kwa rula kabla ya kumpa mtu yeyote karatasi. Karatasi ikipunguzwa, mstari hupungua pamoja na nyumba, kwa hiyo hata anayepima kwa rula aweza kugundua. Na upana wa kila mlango nauandika, tarakimu zijae wasijae.

Fremu ya pili ilitiwa Jumamosi moja, majuma matatu baada ya ile ya kwanza. Nilimwomba seremala futi kamba yake nikapima kabla saruji haijakauka: juu 902, katikati 900, chini 901. Ile ya 650 haikutupwa. Imekuwa mlango wa stoo ya majembe, nasi huingia humo ubavu ubavu.