Watu wa Tiwi Hawakuulizi kwa Umbea

Wageni wengi wanaijua Tiwi ya ufukweni: mchanga mweupe, mibuyu, na Msikiti wa Kongo pale Mto Mwachema unapoingia baharini. Mimi napenda Tiwi ya upande wa pili. Ukishavuka barabara kuu ya Likoni kwenda Lungalunga ukaelekea magharibi, kunako vilima vya Shimba, unaingia kwenye njia za miguu katikati ya minazi, mikorosho na miembe. Huko hakuna anayekupita kimya.

Salamu ina utaratibu, nasi Waislamu tumefundishwa: aliyepanda humsalimu anayetembea, anayetembea humsalimu aliyekaa, na wachache huwasalimu wengi. Basi ukimkuta mzee amekaa chini ya mwembe, wewe ndiye wa kuanza. Atakuitikia, kisha maswali yafuate. Watoka wapi? Waenda kwa nani? U mwana wa nani?

Rafiki zangu wa mjini huona huo ni umbea. Sivyo. Kwanza, Mdigo anatafuta undugu. Zamani Wadigo walirithiana kwa upande wa mama, mjomba kwa mpwa, kwa hivyo kujua mamako ametoka wapi kulikuwa ni kujua mahali pako. Mama mmoja mtu mzima, tuliyekutana kisimani, alinihoji mpaka tukafika kwao nyanya yangu mzaa mama. Hapo akaniita mjukuu wake na akakataa niondoke bila kula. Mihogo ya nazi, na pilipili ambayo mpaka leo naikumbuka.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ardhi. Huku kwetu kusini wako watu waliolima shamba moja tangu enzi za babu zao na hati hawana. Siku moja hutokea mtu asiyejulikana, viatu safi, makaratasi kwapani, anapima kwa macho. Dalali hajitangazi kuwa ni dalali! Kwa hivyo "waenda kwa nani?" ni ulinzi pia. Kijana mmoja mkwezi aliniuliza hivyo akiwa bado juu ya mnazi. Nikasema natembea tu, akanyamaza. Nilipomtaja mwenyeji wangu, jirani yake, akaniangulia madafu mawili na pesa akakataa.

Ukienda, mtaje mwenyeji wako mapema. Usipige picha nyumba wala mipaka ya mashamba kabla ya kuomba. Msitu wa kaya usiuingie bila idhini ya wazee. UNESCO iliyaweka makaya ya Mijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, lakini wenyewe walikuwa wakiyatunza zamani sana kabla ya hapo. Hodi ipige kwa mbali, usubiri uitikiwe. Maji ukipewa, yapokee kwa mkono wa kulia.

Na ukiulizwa kwenu ni wapi, jibu kwa kirefu, hata ukianzia kwa babu. Jua la saa nane halina mtu wa haraka, na matatu za kurudi Likoni hupita barabarani mpaka usiku.