Jiko la Kuchemshia Maji ya Mti wa Mepli

Katika jimbo la Vermont, kaskazini ya Marekani, na katika jimbo la Quebec, nchini Kanada, uko mti mkubwa uitwao mepli. Majira ya baridi yanapokaribia kwisha, usiku maji huganda yakawa barafu, na mchana barafu huyeyuka. Siku hizo maji matamu hutembea ndani ya shina. Watu hutoboa tundu dogo, huchomeka mrija, na kutundika ndoo chini yake. Wenyeji wa asili wa nchi hizo waliijua kazi hii kabla Wazungu hawajafika.

Maji hayo ni maangavu kama maji ya kisima, na utamu wake ni mdogo. Katika sehemu 100, sukari ni kama sehemu 2 tu. Kwa hiyo hayana budi kuchemshwa mpaka sehemu kubwa itoke kwa mvuke, ibaki shira nzito. Galoni 40 hutoa kama galoni 1 tu ya shira. Tena maji hayo hayawekeki. Siku za joto zikija, huchacha upesi. Basi mtu asiye na jiko jema hupoteza kuni zake, na pengine mavuno yake pia.

Mafiga matatu hayafai kwa kazi hii, kwa sababu moto wake u wazi pande zote, na joto jingi huchukuliwa na upepo. Kwa hiyo watu hujenga jiko refu lililofungwa, ambalo wao huliita tao.

Mjenzi huanza kwa kupima karai, ndipo ajenge jiko la kulifaa. Karai huwa bapa, lenye pembe nne, na kina kifupi. Mvuke hutoka juu ya uso wa maji. Uso ukiwa mpana, mvuke nao huwa mwingi. Wajuzi hukadiria kwamba kila futi moja ya mraba hutoa kama galoni 1 kwa saa. Karai la futi 2 kwa futi 3 lina futi 6 za mraba. Basi kutoa galoni 39 za maji, ili ibaki galoni 1 ya shira, kwataka saa sita na nusu. Karai lisiwe limeungwa kwa risasi, maana risasi ni sumu.

Jiko hujengwa nje, mahali palipo sawasawa, mbali na nyumba. Kuta mbili ndefu husimamishwa kwa matofali ya saruji, zikiachana kiasi cha karai kukaa juu yake. Saruji hupasuka kwa joto kali, kwa hiyo upande wa ndani huwekwa matofali yanayostahimili moto. Mbele huwekwa mlango wa chuma, na fito za chuma za kulazia kuni. Chini ya fito huachwa nafasi, hewa ipate kuingia na majivu yapate kuanguka.

Nyuma ya mahali pa kuni, sakafu hupandishwa kwa mchanga na matofali, hata ibaki nafasi ya inchi chache tu chini ya karai. Hapo ndipo penye akili ya jiko hili. Moto hutaka kukimbilia dohani moja kwa moja. Mwinuko ule huulazimisha upite ukilamba karai lote. Mwisho husimamishwa dohani ndefu, nayo huvuta moshi nje na hewa mpya ndani. Kila ufa baina ya karai na ukuta huzibwa.

Kuni ziwe kavu, zimepasuliwa nyembamba, nazo hutiwa kidogo kidogo, mara kwa mara. Mchemshaji haachi karai peke yake. Maji yakipungua chini ya inchi moja, sukari yaweza kuungua kwa dakika chache, na karai likaharibika. Hata akitaka kupumzika, huacha maji ya kutosha karaini, kwa maana matofali hukaa na joto muda mrefu baada ya moto kufa.

Shira inapokaribia kuwa tayari, huhamishiwa katika sufuria juu ya moto mdogo. Huwa imeiva joto lake likizidi joto la maji yachemkayo kwa digrii 4 za Selsiasi. Pwani maji huchemka kwa digrii 100, bali mlimani huchemka kabla ya kufika hapo. Kwa sababu hiyo mtu mwangalifu hupima kwanza maji matupu yanayochemka, siku ile ile na mahali pale pale. Kisha huchuja shira kwa kitambaa cha sufu, na kuitia chupani ingali moto.