Kofia ya Kuazima Siku ya Posa

Mji mdogo una macho mengi. Hapa Lamu njia zetu ni nyembamba, hata punda mwenye mzigo akija hapana budi mtu ajibane ukutani. Kijana asiye na mke akipita Usita wa Mui alasiri, basi kabla ya adhana ya magharibi habari ya nguo yake imekwisha fika majumbani.

Hatuwalaumu vijana kwa kupenda kupendeza. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba mtu mmoja aliuliza juu ya apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, na Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa kiburi si hicho; kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Tulilo nalo ni jingine. Jioni twawaona wamejipanga ukingoni mwa bahari, suruali zimewabana, miwani ya jua machoni na jua lenyewe limekwisha tua, wakitumai binti apitaye na mama yake atageuza shingo. Asipogeuka, hupigwa picha kwa simu ikapelekwa. Kwani mlango wa kutazamana umefungwa? Mughira bin Shu'ba alipoposa, Mtume (S.A.W.) alimwamuru akamtazame yule mwanamke. Mlango uko, ila ni wa nyumbani kwao, na wazee wamo.

Siku hiyo mposaji naye hutazamwa. Desturi yetu haina gharama kubwa: kanzu nyeupe iliyofuliwa, kikoi ndani yake, makubadhi ya ngozi kama yale yaliyowapa sifa mafundi wa Siyu, na kofia. Hapo kwenye kofia ndipo penye fitina. Kofia ya Lamu iliyoshonwa kwa mkono ni kazi ya miezi. Matundu madogo madogo huzungushiwa uzi moja moja, kipande cha juu na cha ubavuni, na hakuna mbili zilizo sawa. Mwenye jicho huijua kofia ya mtu kama aijuavyo sauti yake.

Mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani, baharia katika jahazi la watu, alikwenda kuposa amevaa kofia ya ami yake na saa ya rafiki yake. Nasi tulikuwa miongoni mwa wazee waliofuatana naye. Kofia tuliitambua tangu mlangoni, tukanyamaza. Tuliona haya kumvunja moyo, na haya ile haikuwa mahali pake.

Baba wa binti alitukaribisha kwa kahawa na halua. Kisha akamgeukia kijana kwa upole, akasema, "Mwanangu, ami yako hajambo? Naona kofia yake imefika, mwenyewe hakuja."

Kijana aliinamisha kichwa. Mzee akaendelea, "Ubaharia si aibu. Ungalikuja na kofia yako tungalizungumza mahari. Sasa yanipasa niulize, ni lipi jingine la kuazima?" Kisha akatutazama sisi tuliomfundisha. Hatukuwa na jawabu. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Asma binti Abubakar kwamba anayejionyesha kwa asichopewa amefananishwa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Hadithi hiyo tumeisomesha miaka mingi, na siku ile tuliketi karibu yake tukinywa kahawa.

Posa iliahirishwa. Usiku ule tulikwenda kwa yule mzee peke yetu tukakiri kuwa tulijua. Hakutulaumu sana, ila alisema binti yake alikuwa nyuma ya pazia, na aliloudhika nalo si umaskini wa mtu. Ni kudhaniwa kuwa kofia ndiyo angeolewa nayo.

Baada ya Maulidi ya Mfungo Sita kijana alirudi. Kanzu ilikuwa yake, imepauka mabegani kwa kufuliwa, na kofia ilikuwa ya mashine, ya bei ndogo dukani. Alitaja pato lake la safari moja na deni alilokuwa nalo. Mahari yalisemwa hapo hapo, nayo hayakuwa makubwa.

Sasa mkewe anamshonea kofia ya mkono. Tulipopita kwao juzi, kipande cha juu kilikuwa tayari, na ubavuni bado nusu.