Nyumba Yapimwaje?

Mtoto akipelekwa kliniki hupimwa uzito kwa mizani, hupimwa urefu, na mkono wake huzungushiwa utepe. Utepe ukionyesha chini ya sentimita 12.5 kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 59, muuguzi hujua ya kuwa hali yake si njema. Vipimo hivi vyafaa sana, walakini vyampima mtoto peke yake. Nyumba aliyotoka haipimwi, naye jioni atarudi kwenye sahani ile ile.

Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Michelle Ihmels na Gregory Welk pamoja na wenzao walilifikiri jambo hili, na mwaka 2009 wakatangaza maswali ya kuipima nyumba. Mzazi huulizwa juu ya mambo 10 ya desturi za nyumbani: kama watu hula pamoja; ni vyakula na vinywaji gani huchaguliwa; kama mtoto hutuzwa vitamu; kama hukaa saa nyingi mbele ya televisheni; kama wazazi hutembea na kucheza naye; kama ana saa ya kulala. Kila jibu lina alama zake. Kisha wakalinganisha alama hizo na uzito na urefu wa watoto, wapate kujua kama maswali yasema kweli.

Je, yatufaa sisi wa Musoma, Bunda na Butiama? Yafaa, ila si kama yalivyo. Wale walisukumwa na unene wa watoto wao. Kwetu Tanzania, uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Tena Shirika la Afya Duniani lataka mtoto wa miaka 5 mpaka 17 achangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku. Binti atekaye maji ziwani kabla ya shule huenda amekwisha kuzipita. Yeye aulizwe kama alikula kitu asubuhi. Ndugu yake aliyeketi na simu ndiye wa kuulizwa habari za mazoezi.

Basi tulijaribu nyumbani mwetu siku 7, kwa punje za mahindi na vikombe vitatu. Kila mlo wenye mboga za majani, punje moja katika kikombe cha kwanza. Kila mlo ambao watoto walipata katika sahani zao samaki, dagaa, maharagwe au maziwa, punje katika cha pili. Kila siku ambayo watoto wote walicheza au kufanya kazi ya mwili muda wa saa nzima, punje katika cha tatu.

Siku ya saba tukahesabu. Kikombe cha kwanza kilikuwa na punje 9, cha tatu 5, na cha pili 4 tu. Tukastaajabu, maana samaki walipikwa karibu kila siku. Mama watoto alinyamaza. Mtoto wetu mdogo ndiye aliyejibu: "Baba, minofu huwekwa kwako. Sisi twapata mchuzi."

Tuliona haya, maana twawafundisha wengine. Kama tungeulizwa kwa maneno tu, tungalijibu bila kusita ya kuwa watoto wetu hula samaki. Tangu siku ile watoto hugawiwa kwanza. Dagaa nao hatuwauzi wote. Huliwa wazima, na mifupa yao huijenga mifupa ya mtoto.

Nanyi waalimu, mkikijaribu kipimo hiki vijijini, msikitumie kumwaibisha mtu. Iko nyumba ambayo kikombe chake ni kitupu kwa kuwa hapana kitu chunguni. Hiyo yataka msaada wa jirani. Iko na nyumba kama yetu, chungu kimejaa na kikombe ni kitupu. Hapo yatosha kubadili mkono ugawao. Jaribuni siku 7, na hesabu ikiisha, waulizeni watoto.