Feni Imegoma, Kadi Inachemka

Wateja wangu wa Linux huanza kwa kuilaumu feni. Mimi huuliza kwanza: umesasisha nini? Wakitaja kerneli, bisibisi naiweka kando.

Kerneli, kiini cha Linux, hukipa kila kifaa chenye kipima joto namba: hwmon0, hwmon1 na kuendelea. Namba hizo si za kudumu. Baada ya kusasisha, kadi ya michoro iliyokuwa hwmon2 yaweza kuamka hwmon4, na skripti ya feni ikabaki inamwamrisha jirani, pengine diski. Fungua faili la name katika kila folda ya hwmon. Penye amdgpu ndipo kadi ya AMD ilipo. Kisha, humo humo, soma faili la pwm1_enable: 1 maana yake feni inangoja amri yako, 2 inajiendesha. Mimi huandika 2 kwanza, kadi ipoe, maswali baadaye. Na temp1_input ikisema 83000 usishtuke, ni nyuzi 83 tu, japo si baridi hiyo.

Kadi za AMD za RX 7000 zina mambo yake. Hizo hazisikii pwm1, faili la kasi ya feni. Tangu kerneli 6.7 ya Januari 2024 hupangwa kupitia faili la fan_curve, baada ya kuruhusu overdrive, yaani ruhusa ya kubadili mipangilio ya kadi, kwa kigezo cha kerneli kiitwacho ppfeaturemask. Ukikwama kabisa, chagua kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB kompyuta inapowaka, uendelee na kazi.