Taa ya LED kwa Pepinieri ya Ndani: Hesabu Nilizojifunza Miti



Mwaka jana, mbele ya mvua za mwezi wa tisa, shangazi yangu hapa Miti alinipa pesa ya kununua mbegu za nyanya na za mashu. Akaniambia: "Mwanangu, wewe ulisoma agronomi, sasa tuonyeshe." Nilisia mbegu kwenye masanduku ya mbao ndani ya chumba, karibu na dirisha, kwa sababu inje kuku na mbuzi hawaachi kitu, na mvua ya Kabare ikishuka kwa nguvu inafukua mbegu zote. Kisha siku kumi, miche ilikuwa mirefu, myembamba kama uzi, yote imelalia upande wa dirisha. Zaidi ya nusu ilikufa mbele ya kufika shambani. Shangazi hakusema kitu. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Ugonjwa haukuwa ugonjwa. Ilikuwa njaa ya mwangaza. Mche ukikosa mwangaza unatumia akiba yake yote kurefuka ili kuutafuta, na shina linabaki bila nguvu.

Macho yetu yanatudanganya hapa, kwa sababu yanazoea giza haraka. Chukua simu, weka programu ya kupima lux, hata kama kipimo chake si sawa kabisa. Jua la saa sita mchana inje linafika karibu lux 100,000. Kwenye dirisha langu, siku ya mawingu, nilipata 2,000. Metre moja ndani ya chumba, 300. Miche ya nyanya au mashu inataka kama 8,000 kwa masaa 14 mpaka 16. Mimi niliipa chakula cha siku moja kwa juma zima.

Sasa, taa gani? Wengi tunafikiri lazima zile taa za rangi ya zambarau. Ni kweli kwamba majani yanashika sana rangi nyekundu na buluu. Lakini toka mwaka 1972 mtafiti McCree alionyesha kwamba hata mwangaza wa kijani unafanya kazi kwenye jani. Ampuli nyeupe ya LED ya kawaida iko na rangi zote hizo: ndani yake kuna LED ya buluu, na ile unga ya manjano juu yake inageuza sehemu ya buluu kuwa rangi zingine. Kwa hiyo ampuli ya Kadutu inatosha kabisa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kwenye kartoni ya ampuli soma "lumen", usisome watt tu. Lux moja ni lumen moja juu ya metre moja ya mraba. Ampuli ya watt 9 inatoa kama lumen 800. Etajeri yangu iko na urefu wa metre 1 na upana wa sentimetre 40, ndiyo metre 0.4 za mraba. Ampuli sita ni lumen 4,800. Gawanya kwa 0.4, unapata lux 12,000. Toa theluthi moja inayopotea kwenye kuta, inabaki 8,000. Pale pale tulipotaka. Zungushia etajeri karatasi nyeupe ili mwangaza usikimbie, na ninginiza ampuli sentimetre 20 mpaka 30 juu ya majani. Miche ikikua, pandisha taa. Kwenye nafasi hiyo, ukiacha sentimetre 4 kati ya mche na mche, miche 250 inaingia.

Kabla ya kufika hapo niliharibu kitu kimoja, na ningependa nyie musikiharibu. Nilitaka taa ya batri, bila kungojea umeme. Nilinunua LED za watt 1, nikazifunga tatu tatu kwa mstari mmoja. Kila moja inakula kama volti 3, jumla 9. Batri ni ya volti 12, inabaki 3. LED hizo hazipendi kupita ampere 0.35, kwa hiyo nilichagua 0.3: volti 3 gawanya kwa 0.3 ni rezistansi ya ohm 10. Hesabu nzuri ya darasani. Lakini batri ikiwa inachajiwa na solar inapanda mpaka volti 14.4. Sasa zinabaki 5.4, na 5.4 gawanya kwa 10 ni ampere 0.54. Kwa siku tatu LED zote ziliungua. Fanya hesabu kwa volti ya juu kabisa: 5.4 gawanya kwa 0.3 ni ohm 18, na uchukue rezistansi ya watt 3 au zaidi ili isichome. Halafu funga LED juu ya kipande cha aluminiamu, kwa mfano radiateri ya kompyuta iliyokufa, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme inageuka joto.

Na kama unatumia umeme wa volti 220, uwe na adabu nayo. Maji na umeme viko kwenye etajeri moja. Duyi na maungio yote yakae juu, ndani ya kisanduku, wala si kwenye waya iliyofungwa na skochi. Katisha umeme mbele ya kumwagilia.

Mutaniuliza: na delestaji je? Hapa ndipo nilifurahi sana. Miche inahesabu zaidi jumla ya mwangaza wa siku kuliko saa yenyewe. Mchana inakaa dirishani, inapata kidogo. Umeme ukikuja saa nne ya usiku mpaka saa kumi, inakula saa hiyo. Mimi nalala, yenyewe inakula. Usivuke tu masaa 16 au 18 ukijumlisha mchana na usiku, kwa sababu nyanya ikikosa giza kabisa majani yanageuka manjano.

Lakini tusidanganyane. Ukiona mtu anakuambia utavuna mashu ndani ya nyumba kwa LED, mwambie afanye hesabu. Mashu 250 yaliyokomaa, kwa nafasi ya sentimetre 50, yanataka metre 62 za mraba. Hiyo ni karibu mara 156 ya etajeri yangu, ndiyo zaidi ya watt 8,000. Na kukamata jua kwa solar, kulitia kwenye batri, kisha kulirudisha mwangaza, kila hatua inapoteza. Hapa Miti tuko karibu digrii 2 tu kutoka ikweta, jua liko juu masaa 12 mwaka mzima. Shamba ni la jua. Taa ni ya majuma manne ya kwanza, wakati mche mdogo uko na bei kubwa kuliko nafasi yake.

Juma la mwisho, zoesha miche inje: saa moja, kesho mbili, mpaka siku nzima. Ukiitoa kwa lux 8,000 na kuitupa kwenye 100,000 siku moja, itaungua.

Msimu huu nilimpelekea shangazi miche 210, mifupi, minene ya shina. Aliigeuza geuza mkononi, akauliza: "Na ile ingine 40?" Nilimwambia ilibaki kwenye kona ambako mwangaza haukufika. Sasa nimeongeza ampuli ya saba.