UKUMBI WETU UFAGIWE NA NANI?

Katika toleo hili tunaeleza habari za siku ya usafi wa kujitolea iliyofanywa na tawi letu la Jinja kwenye ukumbi wa zamani wa mtaa wa wafanyakazi. Kazi yenyewe ya kufagia ilikwisha katika saa saba. Mazungumzo ya kuitayarisha yalichukua majuma sita, na tunaona kwamba hayo ndiyo yatakayowafaa zaidi ndugu zetu wa matawi mengine, maana hakuna mji katika Afrika ya Mashariki usiokuwa na ukumbi wa namna hii: dari imeanguka, vioo vimevunjika, majani yamefika madirishani, na kila anayeulizwa anasema si wake.

Shauri lililetwa mkutanoni na vijana. Walitaka mahali pa kukutania na pa masomo ya jioni, kwa sababu mikutano ya tawi hufanyika chini ya mwembe, na mvua ikishuka ajenda hukatika katikati. Wengi waliunga mkono papo hapo. Ndipo mama mmoja, mwanachama mwenzetu ambaye ni mfagiaji wa kibarua, aliposimama akasema: "Ndugu mwenyekiti, kulifagia jengo lile ni kazi ya mtu. Nilikuwa nalipwa kulifagia, mimi na wenzangu wawili, mpaka tulipopunguzwa. Leo mkienda ninyi kulifagia bure, nani atatuita tena?"

Mkutano ulinyamaza. Kijana mmoja alijaribu kujibu kwamba mapenzi ya mtaa hayana mshahara, lakini wazee walimtuliza. Swali lilikuwa la haki, na lilistahili kuulizwa ndani ya chama cha wafanyakazi kuliko mahali pengine popote. Mkutano uliahirishwa kwa juma moja bila kupiga kura.

Kumbi hizi zina asili yake. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 serikali za kikoloni zilijenga mitaa ya wafanyakazi katika miji mikubwa, na katika mitaa hiyo zikaweka kumbi za starehe. Hapa Jinja mambo yaliharakishwa na bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale. Lilifunguliwa mwaka 1954, na mitambo yake ilipokamilika ilikuwa na uwezo wa megawati 150. Viwanda vilifuata umeme, na watu wakafuata viwanda: kutoka West Nile, Acholi, Bukedi, na ng'ambo ya mpaka kutoka Nyanza. Watu hao hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Walipokutana bombani au dansini walisemezana Kiswahili, na ndiyo sababu hata leo mtaani kwetu mtoto hutukanwa kwa Kiswahili kabla hajajifunza kukiandika.

Wakubwa wa wakati ule walitaka mfanyakazi acheze dansi, atazame sinema na kushona vitambaa, asipate nafasi ya kuwaza migomo. Mambo hayakwenda hivyo kila mahali. Katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, tarehe 23 Aprili 1950, ndugu Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alitoa azimio la kudai uhuru kamili wa Afrika ya Mashariki. Majuma matatu baadaye alikamatwa pamoja na ndugu Fred Kubai, wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, naye akawekwa kizuizini hadi mwaka 1961. Ukumbi uliojengwa kwa ajili ya mchezo ulitoa azimio hilo. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba jengo bovu si jambo la chama cha wafanyakazi, humwomba asome kidogo.

Turudi kwenye swali la mama yetu. Nchi zetu zina majina mengi ya kazi ya pamoja. Waganda wana bulungi bwansi, Kenya wana harambee, na upande wa Tanga na Upare huko Tanzania huita msaragambo. Rwanda wana umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Asubuhi hiyo maduka hufungwa na watu huenda kuchimba mitaro na kufyeka. Tarehe 9 Desemba 2015, wakati kipindupindu kilipokuwa kinaua watu, Rais Magufuli wa Tanzania aliondoa gwaride la sikukuu ya Uhuru na kuifanya siku ya kufagia nchi nzima. Ndugu zetu wa Kongo waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1970 wanakumbuka salongo ya Mobutu, nao hawaikumbuki kwa furaha, maana ilikuwa lazima. Hata umuganda una sheria, ya mwaka 2007, iliyoweka faini kwa asiyefika bila sababu.

Hapa pana mstari ambao mfanyakazi lazima aujue. Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unasema kazi ya shuruti ni ile anayotozwa mtu kwa kutishiwa adhabu, ambayo hakujitolea mwenyewe kuifanya. Mkataba huohuo unaziacha nje huduma ndogo ndogo za kijiji au mtaa, zinazofanywa na wenyeji kwa faida yao wenyewe, lakini kwa sharti moja: wenyeji au wawakilishi wao wawe na haki ya kuulizwa kama huduma hizo zinahitajiwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 25, nayo inakataza kazi ya shuruti. Kwa maneno mengine, kufagia peke yake hakutoshi kutuambia kama kazi ni ya hiari au ni ya amri. Tutazame ni nani aliyeulizwa kabla ya fagio kushikwa, na atafanywa nini yule asiyekuja.

Mkutano wa pili ulikubaliana kwa kauli moja. Siku iwe moja tu, wala isifanywe desturi ya kila mwezi, kwa sababu usafi wa kila mwezi ni kazi ya ajira. Asiyekuja asiandikwe wala kusemwa. Tena, barua iandikwe kwa ofisi inayohusika na jengo (hatuitaji hapa, yenyewe inajijua) kuomba ruhusa kwa maandishi, kuomba gari la taka, na kudai kwamba wafagiaji watatu waliopunguzwa waitwe siku hiyo kwa malipo yao ya kawaida, wawe wasimamizi wa kazi wanayoijua kuliko sisi. Sharti la mwisho lilichekwa na wachache. Ofisi ilijibu baada ya siku 19. Ruhusa ilitolewa, gari likaahidiwa, na juu ya malipo waliandika kwamba "suala linaangaliwa". Tawi liliamua kulipa kwanza kutoka mfuko wake, na kupeleka hesabu hiyo ofisini kama deni.

Sasa tuingie ndani ya jengo, maana hapa ndipo nia njema inapoweza kumdhuru mtu. Kabla ya siku yenyewe kamati ya usalama, watu wanne na fundi wa umeme aliyestaafu, walizunguka jengo lote wakiwa na daftari. Jambo la kwanza waliloandika ni paa. Sehemu ya ukumbi mkubwa haikuezekwa kwa mabati. Imeezekwa kwa vigae vipana vya mawimbi, vya rangi ya kijivu, vinene kuliko bati. Vigae vya namna hiyo katika majengo ya miaka ya 1950 mara nyingi vina asbesto. Vikiwa vizima na visipoguswa hatari yake ni ndogo. Vikivunjwa, vikikatwa msumeno au vikisuguliwa kwa brashi kavu, hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, nazo zikiingia mapafuni hukaa humo. Ugonjwa wake huja baada ya miaka 20, 30 au hata zaidi, wakati mfanyakazi ameshastaafu na mwajiri ameshasahau jina lake. Mkataba namba 162 wa mwaka 1986 umewekwa kwa ajili ya jambo hili. Kamati iliamua hivi: hakuna mtu atakayepanda juu ya paa, na vipande vilivyokwisha kuanguka visifagiwe wala kutupwa pamoja na taka nyingine, bali upande ule uzungushiwe kamba hadi waje wenye ujuzi na vifaa. Vijana walinung'unika, kwa kuwa ndio uliokuwa upande mchafu kuliko pande zote.

Jambo la pili ni popo. Walikuwa darini kwa mamia, na chini yao kinyesi kimefanya tabaka la kufunika kifundo cha mguu. Watu wengi hapa Uganda wakisikia popo hukumbuka Marburg, iliyowapata wachimba madini wa Kitaka, magharibi ya nchi, mwaka 2007. Popo wa pango lile ni wale wakubwa walao matunda. Hawa wa darini petu ni wadogo walao wadudu, nao hutupunguzia mbu. Hata hivyo vumbi la kinyesi cha popo linaweza kubeba ukungu unaoshambulia mapafu, na yeyote afagiaye kavu huuvuta. Wafagiaji wetu walijua jambo hili kwa uzoefu, bila kitabu: wao hunyunyiza maji kwanza, wakangoja yalowe, ndipo wakazoa kwa koleo na kutia katika mifuko. Hakuna popo aliyeuawa. Matundu yatazibwa usiku watakapokuwa wametoka, na hilo lisifanywe msimu wa makinda, kwani yatabaki ndani yafe na kuoza.

Fundi wa umeme alikuta waya mmoja ungali na moto, ijapokuwa jengo lilihesabiwa kuwa limekatiwa umeme zamani. Aliomba ukatwe kwenye nguzo, ukakatwa siku mbili kabla ya kazi. Misumari yenye kutu ilikuwa kila mahali, kwa hiyo walioruhusiwa kuingia ndani ni wenye viatu vizito tu, na waliokuja na kandambili walipewa kazi ya kufyeka kando ya barabara na kubeba maji. Aidha, dawa ya kuondolea madoa na dawa ya klorini zilikabidhiwa kwa mtu mmoja, zisichanganywe, kwa kuwa zikichanganywa ovyo huweza kutoa hewa ya sumu.

Na jengo halikuwa tupu. Katika chumba cha nyuma, kilichokuwa cha kuuzia tikiti, walikuwa wakiishi vijana wawili wanaobeba mizigo sokoni. Baadhi ya wanachama walisema watolewe asubuhi ileile na vitu vyao. Sisi tuliona ni aibu kwa chama cha wafanyakazi kuanza usafi kwa kuwafukuza wafanyakazi. Mwenyekiti wa LC 1 aliwaita, wakazungumza mara mbili, ikakubaliwa wakae majuma manne wakitafuta mahali. Mmoja amekwisha kuhama. Wa pili bado yumo, na tuseme kweli kwamba tangu tuweke vitasa yeye ndiye anayezuia milango isiibwe.

Siku ya kazi yenyewe haina maneno mengi. Walifika watu 70 na zaidi kidogo, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, kama kawaida. Fyekeo hazikutosha, matoroli yalikuwa mawili, gari la taka lilichelewa saa tatu. Wafagiaji watatu waliligawa jengo sehemu sehemu, na kila sehemu ikawa na mkubwa wake; mwalimu wa sekondari aliambiwa mbele za watu kwamba hajui kushika fagio, akakubali. Saa nane mchana posho na maharage vilikuwa tayari. Katika stoo zilikutwa meza ya ping-pong isiyo na miguu, viti vya chuma 41, na ubao wenye mistari iliyochorwa kwa rangi nyeupe, ambapo majina ya timu za mpira za viwanda bado yanasomeka. Viwanda vingi kati ya hivyo vilifungwa baada ya mwaka 1972 na havikufunguliwa tena. Wazee waliusimamia ubao ule kwa muda mrefu, kazi ikasimama.

Hofu iliyobaki ni nyingine. Jengo chafu halina mchumba. Likishasafishwa huanza kupendwa na watu ambao hawakushika fagio. Katika mji mkuu wetu nyumba za mitaa ya Naguru na Nakawa, zilizojengwa kwa wafanyakazi zama za ukoloni, zilibomolewa mwaka 2011 ili eneo lijengwe upya, na familia nyingi zikatawanyika. Kwa sababu hiyo tawi limefungua daftari la matumizi ya ukumbi. Kila mkutano, kila darasa, kila arusi na kila matanga yanaandikwa tarehe, saa na idadi ya watu, ili siku atakapokuja mtu kusema kwamba ukumbi hautumiki, daftari lijibu. Funguo ziko tatu: kwa katibu wa tawi, kwa mwenyekiti wa LC 1, na kwa kiongozi wa akina mama.

Barua ya pili juu ya paa imepelekwa, pamoja na hesabu ya malipo ya wafagiaji watatu. Tumeomba pia mmoja wao arudishwe kazini kwa siku mbili za juma, na tumeambatisha kurasa nne za kwanza za daftari. Hadi tunapopeleka toleo hili mitamboni jibu halijafika. Mkutano wa tawi utafanyika ndani ya ukumbi, upande wa jukwaa, Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao saa nane. Upande uliozungushiwa kamba usikanyagwe, na wenye watoto wawashike mkono.